Vidonge vya Mbwa wa Kijana Wetu

Kijana wetu alipopelekwa vitani mpakani mwa Uganda, alituachia mbwa wake. Alikuwa amemleta mjini kutoka Mgeta, kule milimani, mbwa akiwa mdogo bado, ndani ya lori la kabichi, akamlea mwenyewe. Siku ya kuondoka aliniambia, "Mama, mtunzeni mpaka nirudi."

Mvua zilipoanza, mbwa akashikwa na muwasho. Alijikuna mpaka damu, akajing'ata miguu, manyoya yakamnyonyoka mgongoni. Majirani walisema ni ukurutu, wakawakataza watoto wao kupita uani kwetu. Daktari wa mifugo wa chuo cha kilimo cha mjini kwetu alimchunguza akasema hapana, ni aleji. Alitupa vidonge, mbwa akatulia. Lakini vidonge vile vilimfanya anywe maji bila kikomo, tumbo likamshuka, miguu ikalegea.

"Hivi haviwezi kuwa vya maisha," daktari alisema. "Nimepata dawa za kumpima kwenye ngozi. Zitatuonyesha kinachomdhuru ni kitu gani. Ila, mama, lazima umwandae. Vidonge aache kabisa, mwezi mzima. Usimpake kitu. Dawa ikibaki mwilini, ngozi haitajibu, tutakuwa tumemtesa bure."

Nikamwandaa. Nilichana kanga kuukuu nikamfunga miguu yote minne ili kucha zisimchane. Alizing'oa kwa meno, nikafunga tena. Alijisugua ukutani mpaka chokaa ikawa nyekundu. Nikitoka kazini, kabla ya kuvua viatu, nilikaa naye chini nikimshika kichwa. Hakuwa akibweka, alikuwa akilia kama mtu. Mume wangu, mtumishi wa reli, mtu asiyependa maneno mengi, alichukua kiti chake akakaa upande wa barabarani.

Wiki za mwisho mbwa alipata nafuu, akaanza hata kulala. Nilidhani Mungu amenisikia.

Asubuhi ya kipimo hakula. Tulimpeleka chuoni mimi na mume wangu. Daktari alimchoma sindano ya usingizi, akamnyoa ubavu, akaweka alama kwa kalamu, kisha akadunga tone moja moja: vumbi la nyumbani, sufi ya magodoro, chavua za majani, na vingine nilivyovisahau. Tukangoja. Mlima ulio juu ya mji ulikuwa umefunikwa na mawingu, na chumba kilikuwa na giza hata daktari akasogeza meza dirishani.

Hakuna palipovimba.

Daktari alipapasa ubavu ule mara ya pili. "Mama, hapa nimeweka dawa ambayo ingevimbisha ngozi ya mbwa yeyote. Huyu amepewa vidonge."

"Hajapewa," nilisema. "Mimi ndiye ninayemlisha."

Mume wangu alivua kofia. "Nimempa mimi."

Nilimgeukia. "Lini?"

"Ukienda foleni ya sukari. Natia kwenye ugali." Hakunitazama. "Nilikuwa namsikia akilia, namwona mtoto. Namwona amelala huko porini, analia hivyo hivyo, na hakuna wa kumpa kitu. Nilishindwa."

Daktari alifunika chupa zake. Alisema dawa alizofungua zisingedumu, na nyingine hajui zitafika lini. Zikifika, itabidi tuanze upya.

Hazikufika. Vidonge navyo vikakosekana mjini. Vidonda vikaingia usaha, nzi wakamjaa, akakataa chakula. Mume wangu ndiye aliyempeleka kwa daktari mara ya mwisho. Alirudi amembeba ndani ya gunia, akachimba nyuma ya nyumba peke yake. Nilipochukua jembe nimsaidie, alinipokonya polepole, akaendelea. Baada ya hapo hatukumtaja tena mbwa.

Vita vilipokwisha kijana alirudi, amekonda, macho yamezama. Alitusalimu, "Shikamooni," akaweka mkoba chini, akazunguka uani. Tulisimama mlangoni kumsubiri. Mume wangu alianza, "Mwanangu, yule mbwa..."

"Mlimzika?" aliuliza.

"Tulimzika."

"Vizuri," alisema. "Sisi kule, wenzetu wengine tuliwaacha porini."

Akaomba maji ya kuoga. Nilikwenda kuyachemsha.