Waya wa Kuanikia

Lifti ya ofisini imekwama tena, na fundi amepaka grisi hadi kwenye kitasa cha mlango. Eti zinakuja lifti za kisasa zisizotaka grisi, hata migodini. Zije basi, zinasubiri nini!

Harufu hiyo ya grisi ilijaa uani kwetu Elerai nilipokuwa mtoto. Baba alishuka mgodini kwa winchi, akining'inia kwenye waya, na kila waya wake ulipochakaa ukabadilishwa, aliuleta nyumbani. Mmoja akaufunga uani, tukawa tunaanikia nguo.

“Baba watoto, mashuka yangu yamechafuka tena! Kwani hapa ni jalala?”

“Waya huu umenipandisha salama. Siutupi.”

Mama alisonya, akafua upya.

Kisha ukakatika mmoja, Baba akishuka. Huo hakuna aliyetuletea.

Mama bado anaanika palepale. Akikuta doa la grisi, halifui.