Jina Nililolificha Kariakoo

Jamani, leo mama yangu ameniumbua mbele ya wateja, na mpaka sasa nacheka.

Hapa Kariakoo mnanijua kama Fundi Saidi, mshona kanzu. Hilo Saidi nilijipa mwenyewe.

Asubuhi mama kaja kutoka Msimbazi, akaanza kuniita tangu njia panda: "Jalala! We Jalala!"

Baraza zima likaangua kicheko.

Karani wa Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya, niliyekuwa nikimpima kanzu, akasema majina ya wilaya nzima yanapita mikononi mwake na hilo hajawahi kuliandika.

Nilitamani nijifiche chini ya cherehani.

Mama wala hakutahayari. Akawaeleza kwamba kabla yangu alizika watoto watatu. Nilipozaliwa mimi akaniweka jalalani nyuma ya nyumba, jirani akaniokota na kumletea kama mtoto wa kuokotwa. Kifo hakihangaiki na kilichokwisha kutupwa.

"Na huyu hapa," akasema, "ana ndevu."

Kicheko kikakatika. Karani akamsogelea taratibu, kanzu ingali na pini.

"Shikamoo, mama. Mke wangu kajifungua juzi. Wawili wa kwanza hawakukaa. Jina hilo tunaweza kupewa?"

"Marahaba, baba. Nyuma ya nyumba yako pana jalala?"

Tulikwenda watatu, kazi nikaiacha. Aliyemwokota mtoto ni mimi.

Basi, kuanzia kesho niiteni Jalala. Ila mkipita kwa karani msiite kwa sauti, wajina wangu amelala.