Udongo Niliokataa Kuuonja

Udongo wa bondeni chini ya kilima cha Kizuka haunuki kama udongo wa shamba. Wa shamba unanuka mvua. Huu unanuka kama chuma kilicholowa, na ukishaingia chini ya kucha hautoki kwa sabuni wala kwa majivu. Nilikaa nao kiangazi kizima nikiwa na miaka kumi, na hata leo nikisikia harufu ile naanza kukasirika kabla sijakumbuka sababu. Mwaka huo tulikuwa tumerudi nchini kwetu kutoka Tanzania. Kwenye kambi ya wakimbizi nilikozaliwa, chakula kilikuja kwenye magunia na maji yalitoka bombani, kwa hiyo sikujua kuwasha moto wala kubeba mzigo kichwani. Mama aliona aibu. Akazungumza na Mama Bukuru, mfinyanzi wa kabila la Batwa aliyekuwa akitafuta mikono ya kumsaidia, wakakubaliana nikae kwake, nifundishwe kazi mpaka shule ifunguliwe.

Bibi hakupenda. Watu wa kwetu walipikia vyungu vya Batwa kila siku, lakini hawakula nao wala kunywa nao kikombe kimoja, na Bibi aliibeba desturi hiyo miaka yote ya ukimbizi kama wengine walivyobeba hati za mashamba. Alinifungia sufuria ndogo, kikombe cha bati na unga. “Kazi yao fanya,” aliniambia, “lakini chochote chao usitie mdomoni.” Nilipofika nikaeleza kwamba nitajipikia mwenyewe. Mama Bukuru alitazama kile kikombe, kisha akaniletea mawe matatu ya jiko na kuyaweka pembeni ya uwanja. Basi kiangazi kile kwenye uwanja mmoja palikuwa na mioto miwili, na wa kwangu ulikuwa ukizimika.

Bukuru, binti yake, alikuwa rika langu na hakunionea huruma. “Wewe Mutanzania, moto hauwashwi kwa machozi,” alisema. “Puliza.” Nilipuliza hadi kichwa kikazunguka. Nilikula ugali mbichi katikati, umeungua chini, hatua kumi kutoka kwenye chungu cha maharage yenye mawese ambayo harufu yake ilinitoa mate. Hakuna aliyenikataza kusogea. Kazi nayo ilinichosha kwa namna nyingine, maana Mama Bukuru hakuwa mtu wa kueleza. Alinionyesha mara moja namna ya kukanda udongo kwa kisigino, na namna ya kuzungusha kamba za udongo moja juu ya nyingine na kuzilainisha kwa kipande cha kibuyu. Nikikosea alibomoa chungu kwa kiganja na kunirudishia bonge. Siku moja alibomoa vinne. Nilimchukia siku ile, nasema kweli, na cha tano kiliposimama alikipita tu kama amepita jiwe.

Jambo moja tu alilirudia kila siku. Kabla udongo haujafinyangwa, alichukua kipande kama punje ya harage, akakiweka katikati ya meno ya mbele na kukisaga polepole. Kikilia, bado kina vijiwe, na vijiwe hupasua chungu kwenye moto. Bukuru ndiye aliyeuchambua udongo kwa vidole, na alikuwa na sifa ya macho makali. Lakini neno la mwisho lilikuwa la meno ya mama yake. Mwisho wa kiangazi, tulipokuwa tukiandaa vyungu vya kuchomwa kabla ya mvua, ufizi wa Mama Bukuru ukavimba hata akashindwa kufunga mdomo. Akaniita, akanipa kipande cha udongo. “Leo utaonja wewe,” alisema. “Bukuru hawezi kujisahihisha mwenyewe.” Nilijua ameniheshimu. Nilijua pia kwamba udongo ule ulipita mikononi mwao, na Bibi alikuwa amekataza chochote chao kuingia mdomoni mwangu. Nikageuka upande wa rundo la nyasi, nikakitupa kipande kile, nikajipaka udongo midomoni kwa kidole.

“Iko muzuri,” nikasema.

Vyungu vile havikuwa mapambo. Chungu kilibadilishwa kwa maharage yanayokijaza, na maharage hayo ndiyo yaliyowavusha majira ya mvua. Tulivipanga juu ya kuni asubuhi, tukavifunika kwa nyasi na makuti makavu ya michikichi. Moto ulipokolea, nikasikia pu, kama mtu anayepasua boga kwa goti, kisha tena, kisha nikaacha kuhesabu. Katika vyote vilipona sita tu. Mama Bukuru, shavu limevimba, aliniuliza mara moja tu, “Ulionja?” Nikamwambia, “Nilionja.” Aliniamini. Akamgeukia binti yake: “Basi ni macho yako.” Hakumpiga, ila hakumruhusu tena kugusa udongo; alimtuma kuni. Bukuru hakujitetea. Mimi wiki hiyohiyo nilirudi nyumbani na sufuria yangu.

Mwezi uliopita tulimzika Mama Bukuru. Bukuru sasa anauza mkaa barabarani, na ule ufinyanzi umeishia kwa mama yake. Plastiki imefanya sehemu yake, sitajibebesha yote. Lakini yangu naijua. Siku iliyofuata maziko majirani walikuja wengi, wakamsifu marehemu kwa maneno ambayo hawakumpa akiwa hai. Pombe ya ndizi ilipoletwa na mrija mmoja wa kunywea wote, huyu akasema anatumia dawa, yule akasema ameokoka, wote wakachukua soda za chupa ambazo vizibo havijafunguliwa. Nilikasirika. Nikamfuata Bukuru nyuma ya nyumba, nikamwambia habari ya udongo, yote.

Bukuru alinigeukia. “Tulikula majani matupu hadi Noeli,” alisema. “Na sasa unaniambia mimi? Mwenye kuambiwa tumemfunika jana.” Kisha akaifuata ile pombe, akanisogezea mrija. “Kunywa basi, Mutanzania. Tuone kama utakufa.”

Nikanywa. Ilikuwa pombe ya ndizi, chachu kidogo, basi. Kwa jambo dogo kama hili nilikuwa nimewanyima chakula. Nilitaka kujiona nimekuwa mtu mwingine, na kwa dakika chache nilijiona. Halafu binti yangu niliyekuja naye, mwenye miaka tisa, akaja kuegemea goti langu, akafungua begi lake, akatoa chupa ya maji ya nyumbani na kunywa. Bukuru aliitazama chupa ile kama mama yake alivyotazama kikombe changu. Asubuhi, kabla hatujatoka, nilijiambia chupa ni kwa sababu ya joto. Lakini kisima kilikuwa pale uwanjani, maji yake ni safi, nami niliyajua tangu utoto. Chupa ile niliijaza mimi.