Choo cha Costancia pale Mikumi

Kwa miaka kumi na moja Costancia alipika maharage ambayo hakuwahi kumwona mteja akiyala. Alipikia nyuma ya mgahawa wa Shamimu, pale Mikumi, upande wa kushoto ukitoka Morogoro, na wahudumu ndio waliopeleka sahani mbele. Ukimuuliza kwa nini naye asitoke hata siku moja kusalimia watu, angekujibu kwamba yeye ni mtu wa jikoni, na angesema hivyo kama mtu anayekutajia kabila lake.

Kwao ni Vidunda, milimani, kwenye familia ya kanisa, watu wanaojua kukaa kimya kwenye benchi kwa saa tatu. Mumewe Damiano alifariki mwishoni mwa mwaka jana kwa ugonjwa wa kifua. Msibani Costancia hakulia, na wanawake wenzake wakamtazama kwa pembe ya jicho. Si kwamba hakumpenda. Alikufa ganzi tu, mwili mzima, na ganzi ile haikumtoka. Binti yao, Vaileth, aliyeolewa Kilosa mjini, alipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili aliambiwa kwamba mama hajambo. Hata chumvi Costancia aliacha kuionja. Mkono ulijua kipimo, na ulimi haukuwa na la kumwambia.

Mwezi wa pili mwaka huu Shamimu akaamua kurudi Chanzuru kumuuguza mama yake. Alimkuta Costancia anachambua mchele.

"Mama Vaileth, banda nakuachia wewe. Kodi nimelipa mpaka mwezi wa saba. Sufuria ni zako."

"Siwezi biashara, dada. Mimi mtu wa jikoni."

"Kwani mimi nilizaliwa na meza mkononi?"

Shamimu hakuwa na muda wa kusubiri jibu. Kesho yake alipanda gari na mabegi yake, akaondoka.

Sasa kulikuwa na jambo jingine. Nyumbani walikuwa wamempa Costancia muda mpaka mavuno ya maharage, mwezi huohuo wa saba. Ndivyo alivyokuwa akijiambia, na ndivyo alivyomwambia Shamimu. Mavuno yakifika, kaka yake Gabrieli, katekista, angeshuka kumchukua. Angerudi kulala chumba cha nyuma kwa kaka, kulima shamba la kaka, kula kwenye chungu cha wifi. Hakutaka. Mambo mengi hayakumgusa siku zile, lakini chumba kile kilimgusa. Banda lingesimama, asingekwenda. Banda lingeanguka, angekwenda.

Basi akapika. Akapika vizuri kuliko siku zote, maharage ya nazi, wali, mchicha, akaweka meza mbele, akakaa. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Wahenga hawakuwahi kuuza wali kando ya barabara kuu. Malori ya Tunduma yalipita, mabasi ya Mbeya yalipita, koster zilipita, na vyote vilipita kwa haraka ileile. Jioni alikuwa akigawa chakula kwa majirani, nao walikuwa wakimsifia mapishi yake mpaka anachoka kusikia.

Wiki ya tatu lori moja likasimama. Dereva, mtu mnene aliyejitambulisha kwa jina la Samson, alikula sahani mbili bila kuongea. Alipomaliza akamtazama mama huyu aliyekaa kama anayesubiri zamu yake hospitali, akamhurumia.

"Mama, chakula chako hakina tatizo. Tatizo ni hifadhi."

"Hifadhi imefanya nini?"

"Kilomita hamsini, mama. Matuta juu ya matuta. Kusimama marufuku, kushuka marufuku, na ukibisha simba yupo. Mtu akitoka mle hawazi maharage. Anawaza kuchimba dawa. Gari linanyoosha mpaka kule kituo cha mafuta chenye vyoo, abiria wanashuka, na wakishashuka wanakula hukohuko."

Costancia alifikiri kidogo. "Wewe mbona umesimama hapa?"

"Mimi nimeshachimba dawa," alisema Samson. "Nyuma ya banda lako. Unisamehe, mama."

Alilipa, akaondoka, akamwacha Costancia na wazo ambalo hakulitaka. Mwanamke wa umoja wa akina mama wa kanisa, mjane, dada wa katekista, auze choo! Alilala nalo wazo lile siku nne. Siku ya tano alitoa fedha ya rambirambi ya Damiano, ambayo alikuwa hajaigusa tangu msiba, akamwita fundi Abubakari. Mtu angedhani ulikuwa ujasiri. Haukuwa ujasiri. Alizitazama zile noti akategemea moyo ustuke, moyo haukustuka, akazitoa.

Abubakari alichimba shimo refu, akajenga vyumba viwili vya tofali, akaweka sinki za kuchuchumaa na tangi la maji juu ya bati. Kazi safi kabisa. Ila Costancia alikuwa amemwonyesha mahali pa kujenga, na mahali hapo palikuwa nyuma kabisa, chini kwenye mteremko, ng'ambo ya migomba, milango ikitazama porini.

Watu wa Vidunda wanaelewa kwa nini. Kule choo hakikai mbele za watu. Njia yake lazima ipinde mara mbili ili anayekwenda asionekane anakwenda wapi. Mgeni haulizi choo kiko wapi; anamnong'oneza mtoto wa nyumba, naye anatangulia bila kusema neno. Ukikutana na mkweo kwenye njia ile, wote wawili mnajifanya mmetumwa kuni. Costancia alilelewa hivyo, na hata alipoamua kuuza choo alikijenga kwa adabu zote za nyumbani.

Wiki mbili hakuja mtu. Konda alichungulia dirishani, akaona banda na migomba, akagonga bodi gari liendelee. Abubakari alipokuja kuchukua masalio ya malipo yake alisimama barabarani akatafuta kazi ya mikono yake mwenyewe, asiione.

"Mama," akasema, "hiki choo umekijenga au umekizika?"

"Choo hakikai mbele za watu."

"Basi na watu hawatakaa mbele ya choo. Tukate migomba."

Ulikuwa mwisho wa mwezi wa nne. Costancia akaingia bandani akatoka na panga, akakata mgomba wa kwanza yeye mwenyewe. Abubakari akamalizia. Wakanyoosha njia ikawa moja kwa moja hadi barabarani, wakaipanga kokoto, wakageuza milango ikatazama lami, wakaipaka rangi ya bluu. Fundi akaandika kwenye ubao, kwa herufi za kuonekana tangu kwenye tuta la mwisho: CHOO SAFI, MAJI YAPO. Kwenye mdomo wa njia wakaweka ndoo ya koki, sabuni, na stuli. Stuli ilikuwa ya Costancia, maana lazima awepo wa kugawa tishu na kuelekeza wanawake kushoto na wanaume kulia.

Akakaa. Kama angekuwa na hisia zake kamili asingekaa pale hata dakika moja, huo ndio ukweli. Aliyekufa ganzi hasikii maumivu, na hasikii aibu pia. Koster ya kwanza ilisimama saa nne asubuhi na abiria wote wakashuka, wengine wakikimbia na viatu mkononi. Walipotoka, sura zilikuwa zimelainika. Walinawa mikono, wakanyoosha migongo, wakasikia harufu ya kitunguu. Siku ile sufuria ya wali iliisha kabla ya adhuhuri.

Kufikia mwezi wa sita makonda walikuwa wanamwita Mama Choo, naye aliitika. Alikuwa ameajiri mpishi, Yudith, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na nafasi tena ya jiko. Vidunda hawakujua. Gabrieli akipiga simu aliambiwa biashara ipo ipo tu, na maneno yanaishia hapo. Banda lilikuwa limesimama, hilo Costancia aliliona. Lakini alijua kaka akishauona ule ubao, kusimama kwa banda hakutasaidia kitu. Atachukuliwa kwa aibu badala ya kuchukuliwa kwa njaa.

Gabrieli alifika Jumanne moja ya mwezi wa saba, na koti lake la kanisani na kamba ya kufungia mizigo begani. Alikuwa ameshuka mlima kwa bodaboda hadi Kidodi, kisha koster.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Ngoja kwanza," alisema, akampa sarafu, akapokea tishu, akaifuata njia ya kokoto. Aliporudi alinawa kwa muda mrefu, sabuni mpaka kwenye viwiko. "Maji yako mazuri."

Costancia alimwekea chakula. Akakaa mbele yake, mikono mapajani, akasubiri hukumu. Gabrieli alikula taratibu.

"Mizigo iko wapi?"

"Sijafunga. Kaka, nilikuwa naomba mniongezee muda."

"Akuongezee nani?"

"Ninyi. Si mlinipa mpaka mavuno?"

Gabrieli akaacha kutafuna. "Costancia, sisi hatukukupa kitu. Siku ya arobaini, watu wanakula, wewe ulisimama ukasema mavuno ya maharage yakifika nije nikuchukue. Mama mdogo akasema, mbona haraka, abaki na shughuli zake. Ukasema hapana, huna shughuli. Mimi nimekuja kwa sababu uliniambia nije."

"Na choo je?"

"Kimefanya nini?"

"Damiano asingekubali nikae barabarani hivi."

"Damiano?" Kaka yake alisukuma sahani. "Damiano alinifuata mara mbili, akaniomba nikushawishi ufungue mgahawa wako. Alisema akikuambia yeye, humsikii. Nilikuambia. Ulinijibu kwamba mumeo hataki."

Costancia alirudi nyuma kichwani, mwaka kwa mwaka, akimtafuta aliyemkataza. Baba, padri, Shamimu, Damiano akiwa mzima, Damiano akiwa kitandani. Kila alipofika alikuta sauti moja, nayo ilikuwa yake. Vidole vikaanza kumchoma, kisha mikono, kisha kifua, maana ganzi ikitoka inauma. Akamwona Damiano anakohoa usiku na kumwambia habari za mgahawa, na yeye kamgeuzia mgongo. Akainamia meza akalia kama hajawahi kulia, mbele ya Yudith, mbele ya wateja.

Hapo hapo basi la Mbeya likaingia na kusimama. Abiria wakamiminika hadi kwenye ndoo, wakakuta stuli tupu, wakaanza kusukumana. Costancia hakuinua kichwa.

Gabrieli akamtazama dada yake, akalitazama basi. Akavua koti, akalikung'uta, akaliweka juu ya mabega ya Costancia. Akachukua tishu, akaenda kukaa kwenye stuli, na kwa sauti ileile anayowaitia watu wa Vidunda kwenye wimbo wa kwanza akasema, "Karibuni. Wanawake kushoto, wanaume kulia. Msisukumane, maji yapo."