Mama Mchapaji na Mfumo Nilioufuta

Miaka ya tisini, kompyuta zikiwa bado chache Shinyanga, nilikuwa fundi wa kuzifunga maofisini, tena fundi mwenye majivuno. Kitu cha zamani kilinikera hata kama kilikuwa kinafanya kazi vizuri.

Ofisi moja ya pamba pale Kambarage ilinunua kompyuta mpya kwa tajiri yangu, mfanyabiashara wa Kihindi. Ile ya zamani ilikuwa na skrini nyeusi na maandishi makubwa meupe, na kila kitu kilifanywa kwa vitufe. Mpya ilikuwa na picha, rangi na kipanya. Mfumo wa zamani ungeweza kabisa kubaki ndani ya mashine mpya, anayeutaka autumie. Meneja aliponiuliza tufanyeje, nilimwambia tuufute, maana watu wakiachiwa cha zamani hawajifunzi kipya. Nikaufuta, diski zake nikazitia mkobani.

Mchapaji wa ofisi ile alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Songwa, na mjini pale sikumjua aliyemshinda kwa kasi. Baada ya wiki meneja akaniita: barua hazitoki. Nilimkuta mama anasukuma kipanya huku na huku kama anayefuta meza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nirudishie ile nyeusi."

"Utazoea tu, mama."

Alingoja meneja atoke. "Kile kishale sikioni. Huu mwaka wa pili macho yananiishia. Ile nyeusi naijua kwa vidole. Usimwambie, watanitoa kazini."

Kuirudisha ilikuwa kazi ya nusu saa. Lakini nilishamwambia meneja kwamba mfumo ule umepitwa na wakati, na niliona aibu kuurudisha mbele yake. Nikamwambia mama ajaribu wiki nyingine. Siri yake niliitunza, basi. Mwisho wa mwezi ofisi ilipunguza wafanyakazi, naye akawa wa kwanza. Meneja alisema mama hataki kujifunza. Nilikuwepo, nikanyamaza. Mama akarudi kwao Songwa.

Baadaye nilikuwa Geita, kwenye kambi ya watafiti wa dhahabu. Vumbi liliingia kwenye kipanya, kikagoma. Nikaanza kupekua programu ya kuchapa, ileile niliyoiweka Kambarage, nikitafuta namna ya kuiendesha bila kipanya. Humo nikakuta mahali pa kuchagua vitufe vifanye kazi kama kwenye ile nyeusi ya zamani. Nikachagua, vikatii. Walioitengeneza waliwakumbuka watu wa zamani kwa makusudi. Siku mama ananiomba, jambo hilo lilikuwemo kwenye mashine iliyokuwa mbele yetu, na mimi fundi sikuwa nimeangalia.

Niliona haya, peke yangu, kwenye hema la watu.

Songwa nimepita kwa basi mara nyingi tangu hapo. Sijawahi kushuka. Nikishuka, itabidi nimwambie kwamba kilichomtoa kazini si macho yake.