Majivu Kwenye Ndengu za Msaada

Lori la ndengu lililotoka Siakago lilizuiwa na watu wenye bunduki ng'ambo ya mpaka wa kaskazini. Mji uliokuwa ukilingoja, uliozingirwa kwa miezi, ulikula majani. Kisingizio kilikuwa majivu.

Asubuhi hii Wambeti Runji ameketi chini katika stoo ya mnunuzi wa nafaka mjini Siakago, ungo mapajani. Anapepeta, anatoa mawe, anatupa punje zilizotobolewa na fukusi. Ana miaka hamsini na sita na mgongo unamuuma. Anachambua shehena nyingine, ya mji uleule.

"Hizi sijaweka kitu," anasema. "Fukusi wakizila, wazile."

Huku Mbeere, ndengu za kuwekwa huchanganywa na majivu ya jikoni ili wadudu wasiziguse. Mnunuzi alikataza: za msaada ziende safi. Lakini Wambeti aliposikia safari ni ndefu, magunia kumi ya mwisho ya shehena ile ya kwanza aliyafanyia kama ya nyumbani kwake.

"Nilifikiria watoto wa wenyewe. Wapikiwe vumbi la fukusi?"

Kwenye kizuizi, mpiganaji alipasua gunia moja, akaona unga wa kijivu. Akasema ni sumu.

Dereva wa lori, Lennox Mutuma wa Muthara, amekalia magunia akingoja kupakia. Anasema alizitafuna mbichi mbele yao. Hawakujali.

"Mama Wawira, wacha kujisumbua," anamwambia Wambeti. "Wangekosa majivu wangesema tairi zangu zimeisha. Walitaka wale watu walale njaa, basi."

"Lakini sababu niliwapatia mimi."

"Wewe uliwapatia ndengu. Bunduki walikuja nazo."

Sheria za vita zinasema kuwanyima raia chakula makusudi ili kuwashinda ni uhalifu. Lennox alifundishwa hayo kabla ya safari, darasani, na chai juu.

"Ningewasomea saa ngapi?" anauliza. "Mkononi nilikuwa na jeki."

Wambeti anacheka kidogo, kisha anaacha. Anataka jambo moja tu, shehena hii ifike. Lennox anaondoka kesho.

"Ukifika unipigie. Hata kama ni usiku."

"Nitapiga, mama."

Ile ya kwanza wapiganaji waliiachilia baada ya siku ishirini na mbili. Magunia sabini walibaki nayo. Hata yale ya "sumu," anasema Lennox, waliyapika wakala, yeye akiwatazama.

Yalipakiwa magunia mia mbili. Yalifika mia moja na thelathini. Katika siku hizo ishirini na mbili, mji ule ulizika watoto kumi na mmoja.