Zélica na Dirisha Lililogoma

Zélica Haché alikuwa mtu wa kaa kabla hajawa mtu wa kompyuta. Tangu usichana wake alisimama kwenye kiwanda cha samaki katika mji wa pwani wa Shippagan, aproni ya mpira kifuani, akipasua miguu ya kaa na kupiga soga na wenzake. Kiwanda kilipofungwa, wengi walihamia magharibi kutafuta kazi. Yeye akaenda chuoni, akakaa dawati moja na vijana wa rika la binti yake, akajifunza kompyuta hadi zikamkubali.

Sasa alifanya kazi mji jirani wa Caraquet, kwenye jumba linalohifadhi sauti za watu wa pwani ile: nyimbo za kina mama wa visiwani, visa vya wavuvi, vinanda vya harusi za zamani. Kila usiku mashine zilitengeneza nakala za akiba za sauti zote hizo, na kila asubuhi Zélica alifungua dirisha la usimamizi kwenye kompyuta yake, chai mkononi, kuona kama kazi imekwenda sawa. Aliipenda shughuli hiyo kama wengine wanavyopenda kuzungukia bustani zao.

Mtu wa mtandao katika jumba hilohilo alikuwa Réjean Mallet, mume wa binti yake Mireille. Mwezi wa saba Réjean aliubadilisha mtandao wote. Alileta swichi mpya za kuunganisha mashine, akagawa anwani mpya kwa kila mashine, akazima seva za zamani zilizokuwa zikivuma kama friji mbovu. Kila mtu alimpongeza. Zélica naye alimpongeza, mpaka kesho yake asubuhi alipobonyeza dirisha lake na dirisha likagoma. Lilifunguka baadaye sana, chai ikiwa imeshapoa.

"Mkwe wangu," alisema akiwa amesimama mlangoni kwa Réjean, "mtandao wako una kwikwi."

"Mama, mtandao wangu ni mzima. Nimeupima. Nakala zako za usiku zinapita mbio kuliko zamani."

"Nakala zinapita, sikatai. Dirisha ndilo halifunguki. Nikibonyeza, naweza kwenda nyumbani kumenya viazi nikarudi."

"Labda programu yenyewe imezeeka."

"Imezeeka kama nani?"

Réjean akajitia kutafuta waya chini ya meza.

Wiki zikaenda hivyo. Jumapili walipokutana kwa Mireille kula supu ya kuku na viazi, huyu alisema mtandao, yule akasema dirisha, hadi Mireille akaweka mwiko chini. "Atakayetaja seva tena mezani kwangu ataosha vyombo," alisema. Siku hiyo waliosha wote wawili, na jikoni waliendelea kubishana kwa kunong'ona.

Mambo yalibadilika katikati ya mwezi wa nane. Léonce, msimamizi wa muziki wa sikukuu ya mji, alipiga simu. Diski aliyowekewa nyimbo za kina mama wa kisiwa cha Lamèque ilikuwa imekufa, na keshokutwa nyimbo hizo zilitakiwa zipigwe uwanjani, mji mzima ukisikiliza.

"Tulia, Léonce," Zélica alimwambia. "Ninazo zote."

Alikuwa nazo kweli, lakini zilitawanyika kwenye makabati mengi ya nakala humo ndani ya mashine, kila mwimbaji na lake, na kila kabati lilipaswa kufunguliwa kupitia dirisha lile. Alifungua la kwanza, akangoja. Akafungua la pili, akangoja. Kwenye la tatu dirisha lilichoka, likajifunga lenyewe.

Safari hii hakwenda kwa Réjean. Réjean ndiye aliyekuja alipopata habari za Léonce, akisukuma mbele yake kiti chake cha ofisini chenye magurudumu, akaketi bega kwa bega naye. "Nionyeshe, mama. Bonyeza kama unavyobonyeza siku zote."

Akafungua kabati moja, halafu jingine. Kisha Zélica akasema, "Unaona? Kabati hili lina nyimbo tatu, na lile lina mamia. Yote mawili yanakawia sawasawa. Kiwandani mkanda wa kusafirishia kaa ukilemewa ulikwenda polepole kwa kadiri ya mzigo. Huu mtandao haulemewi. Unasimama, halafu unaondoka mbio."

Réjean alijikuna kidevu. "Basi haufanyi kazi muda wote huo. Unangoja."

"Unangoja nani?"

"Basi twende tukamwone."

Akawasha chombo cha kusikiliza mazungumzo ya mashine, na jibu likaja hapohapo. Kila Zélica alipobonyeza, seva yake, kabla ya jambo lolote, ilimwuliza msajili wa majina, ile seva inayojua kila mashine inaitwa nani na inakaa wapi. Ila ilimwuliza msajili wa zamani, ambaye hakuwapo tena. Ilimngoja, ikakata tamaa, ndipo ikamwuliza mpya.

"Anwani hii ya zamani aliiandika nani humu?" Réjean aliuliza.

"Mimi. Kwa mkono wangu, mwaka ule tulipoiweka seva hii. Na huyo msajili wa zamani alizimwa na nani bila kuaga?"

"Mimi, mama."

Walitazamana, wakaangua kicheko hadi mhasibu wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Zélica akafuta anwani ya zamani, akaandika mpya. Dirisha likachangamka, lakini si sana. Réjean akasikiliza tena, akajipiga paji la uso. Alikuwa amemwandikia msajili mpya anwani ya kila jina, akasahau kumwandikia jina la kila anwani, kwa hiyo seva ilipouliza anwani hii mpya ni ya nani, hakuna aliyeijibu. Akayajaza majina yaliyopungua.

Zélica akabonyeza. Dirisha lilikuwa wazi kabla hajainua kidole. Akalifunga, akalifungua, akalifunga tena.

"Mama, utaliharibu."

"Niache kidogo, nina hamu nalo."

Nyimbo zote zilipatikana. Aliufungua wimbo mmoja kuhakikisha ni mzima, sauti za wanawake zikajaa chumba, na Zélica akaanza kuimba nao, kwanza taratibu, halafu kwa kifua kizima. Réjean, aliyeoa katika familia hiyo miaka mingi iliyopita, hakuwahi kumsikia akiimba. Aliegemea kiti, akasikiliza mpaka mwisho.

Siku ya sikukuu mji mzima ulimwagika barabarani kupiga kelele kama ilivyo desturi ya sikukuu hiyo. Zélica alikuwa na mfuniko wa sufuria na upawa, Réjean na honi ya mashua, na Mireille katikati yao, nyota ya manjano ya bendera yao imechorwa shavuni. Kelele zilipotulia, Léonce akaziachia nyimbo. Bibi mmoja wa Lamèque, aliyekuwa ameketi mbele, aliisikia sauti yake mwenyewe ya usichana, akatikisa kichwa.

"Ubeti huo nilikosea," alisema, na akauimba upya, sawasawa, juu ya sauti yake ya ujanani. Watu wakacheka, wakampigia makofi, wakamtaka aurudie.

Zélica alimgusa mkwewe kiwiko. "Huu nao lazima tuurekodi."

Réjean alikuwa ameshainuka kwenda kumsogezea bibi kipaza sauti.